Kijiji Kisichoitikia Hodi

Jumatatu ya pili ya Aprili, mvua ikiwa imepumzika kidogo, Kitengo cha Ardhi Tulivu kiliutangazia mji wote wa Ifakara, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya bajaji, kwamba kimepatikana kijiji kisicho na watu. Kijiji kamili: nyumba sitini na nne, kanisa, zahanati isiyo na dawa, visima viwili vya maji safi na barabara inayopitika. Wenyewe hawapo. Viwanja vitapimwa na kuuzwa, wananchi wajitokeze kwa wingi, na wenye vyeo wameshajitokeza.

Mgunduzi wa kijiji hicho alikuwa Bwana Sylvanus, mratibu wa Kitengo, mtu nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni, na moja kati ya hizo ilikuwa inaandika. Usimcheke. Wewe umewahi kugundua nini?

Na ugunduzi wenyewe haukuwa wa kubahatisha. Mwongozo wa Ardhi Tulivu, kifungu cha nne, unasema jengo lolote lisiloitikia hodi tatu, mbele ya mashahidi wawili, limetelekezwa, na aliyebisha hodi anaruhusiwa kulishika. Mwongozo huo haukutungwa jana. Uliandikwa na mkoloni alipokuwa anatafuta mashamba ya kuwagawia wageni wake. Uhuru ulipokuja ukafungiwa kabatini, na mwaka jana ukachapwa upya, neno "wenyeji" likafutwa, likawekwa "wadau". Basi ukawa wa kizalendo kabisa.

Sylvanus alikuwa amekwenda kijijini humo, Mbilingo, na dereva wake, Evod, na karani mmoja. Wakapita nyumba kwa nyumba. Hodi! Anatazama saa. Hodi! Anatazama saa. Hodi! Kimya. Karani anachora alama nyekundu ukutani, wanasogea nyumba inayofuata. Milango yote ilikuwa na makufuli, hakuna kuku, hakuna moshi.

"Bosi," Evod alisema walipofika nyumba ya ishirini, "mimi kwetu Malinyi. Mwezi huu watu wote wako shamba. Wanalala huko huko mpaka wavune."

"Una takwimu?"

"Nina shangazi."

"Shangazi si takwimu, Evod. Beba rangi."

Nyumba ya mwisho ikaharibu kazi. Iliitikia, "Karibu!" Ndani alikuwamo Mzee Masalu, aliyevunjika mguu tangu Februari, ndiyo maana hakwenda na wenzake. Akawaeleza kwa upole kabisa: watu wako ng'ambo ya mto, mpunga unatoa masuke, ndege mwaka huu wamezidi. Kila kaya ina dungu lake, kile kibanda cha juu ya miti. Mchana wanafukuza ndege, usiku wanawasikilizia nguruwe pori. Mwezi wa saba watarudi na magunia yao. Sylvanus alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika: "Kaya hai, moja. Mkazi ana mguu mmoja mbovu na amechanganyikiwa."

Kaya mfu zikawa sitini na tatu. Ya thelathini na moja ilikuwa ya Mama Stefania, mjane wa miaka sitini na miwili, aliyeijenga kwa mpunga wa misimu kumi na moja, mabati akiyanunua mawili mawili. Alirudi kijijini kuchukua chumvi na shuka. Akakuta alama nyekundu ukutani, na pembeni ya kisima jiwe la mpaka limeandikwa: KIWANJA NA. 31, MAKAZI YA HADHI. Mama alisimama na chumvi yake mkononi, akalia hasa, bila kuona haya. Alipomaliza akajifuta kwa khanga, akapanda bodaboda kwenda Ifakara.

Siku ya kwanza ofisi ilikuwa imefungwa, Sylvanus yuko semina Morogoro. Siku ya pili imefungwa, semina ilikuwa tamu ikaongezwa siku. Siku ya tatu akamkuta.

"Karibu, mteja," alisema Sylvanus. Semina ilikuwa ya huduma kwa mteja.

"Hata shikamoo hujui, mwanangu?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kuhusu nyumba yangu. Mmeiuza na mimi niko hai."

Sylvanus akafungua kompyuta, akaitazama kwa huruma ya kiofisi. "Mama, umechelewa. Anayeruhusiwa kulalamika ni mkazi. Wewe si mkazi. Nyumba yako iliitwa mara tatu, ikanyamaza."

"Nyumba inaongea wapi? Mimi nilikuwa shamba!"

"Kulala shamba hakumo kwenye mfumo."

"Na mpunga unaokula wewe, umo?"

"Mpunga upo, kwenye mfumo wa idara nyingine."

Mama Stefania akakaza fundo la khanga yake. Nyumba hiyo ndiyo aliyokuwa nayo. Nyingine hana, mtoto wa kumhamia hana. Akasema taratibu, "Basi nipe hiyo karatasi inayosema hivyo, nikawasomee wenzangu. Wasije wakadhani nimewaficha."

Sylvanus alifurahi sana, maana tangu aajiriwe hakuna mwananchi aliyewahi kuomba kuusoma mwongozo. Akamtolea nakala, akaigonga muhuri kila ukurasa, mwishoni akatia sahihi yenye mkia mrefu. Aliona huduma kwa mteja imefanyika.

Siku ya uzinduzi wa viwanja Kitengo kizima kilihamia Mbilingo. Mgeni rasmi alikuwa mheshimiwa mmoja kutoka mkoani, ambaye hatuna haja ya kumtaja, kwa kuwa siku hiyo alijitaja mwenyewe vya kutosha. Alihutubia viti mia mbili na watu kumi na wanane, akasifu utulivu wa eneo, akasema hajawahi kuona mradi usio na malalamiko kiasi hiki. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba angependa achukue kabisa hati ya kiwanja chake, namba thelathini na moja, kile chenye kisima.

Msafara ukarudi Ifakara saa tisa alasiri. Mlango wa Kitengo ulikuwa umefungwa kwa ndani, na ukutani pana alama nyekundu, rangi bado mbichi. Sylvanus akatafuta ufunguo, ufunguo ukagoma. Akabisha.

"Hodi!"

"Karibu," ikajibu sauti ya Mama Stefania. "Watu wapo."

Mlango ukafunguliwa. Wanakijiji kumi na mmoja wamekaa kwenye mikeka, wanakunywa chai. Mzee Masalu kakalia kiti cha mratibu, mguu wake juu ya faili la hati. Katekista Antoni, ambaye anasoma vizuri, ameshika mwongozo.

"Hii ni ofisi ya serikali!" Sylvanus alifoka.

"Tumebisha hodi saa mbili," alisema Antoni. "Tumebisha saa nne, tumebisha saa sita. Mashahidi walitakiwa wawili, tumeleta kumi. Jengo halikuitikia, tukalishika kwa kupitia dirishani. Na kifungu kinasema jengo lolote, hakikusema la nani."

"Tulikuwa kazini! Mtu akiwa kazini atakuwaje hapa?"

Alipotamka hivyo chumba kizima kikamtazama. Mama Stefania akaweka kikombe chini. "Ahaa. Kumbe inawezekana. Hebu rudia, mwanangu, mheshimiwa asikie."

Lakini mheshimiwa alikuwa ameshasikia, na jasho lilikuwa limemtoka. Alikuwa na nyumba Dodoma, nyingine Morogoro, nyingine Bagamoyo, na yeye huyu hapa, siku ya nne Ifakara. Wenye nyumba moja hawaijui taabu hii. Akatoka kwenye korido, akapiga simu: "Mlinzi yuko wapi? Kalala? Mwamshe! Akisikia hodi aitikie, unanisikia? Aitikie hata ya jirani!"

Aliporudi akaomba kalamu. Mwongozo ukafutwa palepale, ukiwa umeegemezwa mgongoni mwa Evod. Mauzo yote yakafutwa pia, na kwa kuwa jambo hilo ni nyeti, mheshimiwa aliagiza mratibu mwenyewe awafikishie barua wenye nyumba wote sitini na watatu, kila mmoja atie sahihi mbele yake.

"Watie sahihi leo hapa hapa," alisihi Sylvanus.

"Hapa tuko kumi na mmoja, na miwani tumeacha shamba," alisema Mama Stefania akikunja mkeka. "Nimekaa kwenu siku nzima, ndege wameshamaliza kona yangu ya chini. Tufuate."

Akawafuata, suruali imekunjwa magotini, barua ndani ya mfuko wa nailoni. Kwenye dungu la kwanza Mama Stefania alipokea barua, akavaa miwani, akampa kombeo la kurushia udongo. "Mimi nasoma polepole. Wewe nifukuzie upande ule." Alisoma mpaka jua likazama. Na kwa kuwa bonde lile sauti inasafiri, majirani wote walishasikia kwamba Mama Stefania amepata mtu wa ndege, na kila mmoja wao akaanza kusoma polepole.

Wiki ya tatu barua zilizosainiwa zilikuwa tisa. Pale Ifakara wateja walijaa koridoni, wakigonga na kuuliza mratibu yuko wapi, hata karani akachoka kujibu, akabandika karatasi mlangoni: MHUSIKA YUKO SHAMBA. ATARUDI AKIVUNA.