Sola Iliyopandishwa Paa la Madrasa

Umeme ulikatika saa nne asubuhi, na kufika adhuhuri Injinia Rama alikuwa ameshaipenda Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani, kwa moyo wake wote. Uinjinia wenyewe alijipa mwaka juzi, mbele ya kioo cha kinyozi, na kwa kuwa hakuna aliyempinga, aliuchukua jumla.

Akamwambia dereva wa bajaji asimame na ateremshe maboksi. Mbele yao Bi Tuhfa, muuza barafu za ukwaju, alikuwa akimwaga maji mekundu mtaroni huku akimlaani kila aliyewahi kugusa waya.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Kama barafu, itabidi uinywe kwa kikombe."

"Sikuja kununua. Nimekuja kukuuzia jua."

"Jua? Hili linalonichoma bure?"

"Hilohilo. Ila langu lina waya."

Naomba niwaeleze habari za bwana huyu mapema, maana mwenyewe hatasema. Rama alikuwa na seti moja tu ya kweli: paneli, betri, taa mbili na feni. Aliinunua kwa kuuza bodaboda yake, ndiyo mtaji wake wote duniani, na aliipenda kuliko shangazi zake. Vingine vyote ndani ya maboksi vilikuwa vioo vilivyopakwa rangi ya buluu na maganda ya betri matupu. Anaonyesha ile ya kweli, anakusanya pesa za vianzio, anaacha maganda, anahama mji. Pangani wanamtafuta. Maramba walishaacha kumtafuta, wanamsomea albadiri tu.

Majirani wakajaa uani kwa Bi Tuhfa. Rama akachomeka feni, feni ikazunguka, kanga zikapepea.

"Betri je?" aliuliza Asmahani, fundi cherehani wa nyumba ya pili. "Nasikia miaka michache tu inakufa."

"Za wengine zinakufa, dada. Yangu inastaafu."

"Na masika? Wiki nzima wingu."

"Paneli yangu inalijua jua hata likijifunika."

"Chumvi hii ya bahari haitaila?"

"Kitambaa na maji, basi. Unaifuta kama kabati la vyombo."

"Na friji langu," alisema Bi Tuhfa taratibu, "italivuta?"

"Friji, pasi, na mume akiwa mzito kuamka tunamchomeka."

Wakaangua kicheko. Haki ya Mungu, sola ni kitu kizuri. Ukishafunga, tokeni za umeme unazisikia kwa jirani, na umeme ukikatika wewe unaendelea na shughuli zako. Lakini bei ya kuanzia inakaba koo, betri ina siku zake, na friji la biashara linataka paneli kadhaa na betri za maana, si kijipaneli kimoja. Mtu mkweli angewaambia hayo yote. Bahati mbaya aliyekuwapo ni Rama.

"Sisi huku tunaamini macho," akasema Bi Tuhfa. "Ifunge juu ya madrasa ya Maalim Mwinyijuma hapo, watu waione siku tatu. Ijumaa baada ya sala kila nyumba italeta kianzio chake."

Rama nusura ambusu. Tangazo la bure, tena juu ya paa la madrasa! Alipanda mwenyewe, akakaza nati kwa bismillahi.

Siku tatu watoto walisoma juzuu zao chini ya feni bila kutoka jasho. Ijumaa Rama akaja na kanzu ya kuazima na bajaji ya maboksi. Uwanja ulijaa. Kila pindo la kanga lilikuwa na fundo la pesa, na macho ya Rama hayakutoka kwenye mafundo hayo.

Bi Tuhfa akasimama.

"Maalim, kuna jambo watu wanauliza. Hii sola ya juu, mwanetu ameileta kwa maonyesho ataishusha, au ameitoa lillahi? Maana mtu wa kuwanyang'anya watoto feni siku ya Ijumaa, mimi kianzio changu simpi ng'o."

Vidole vilivyokwisha kuanza kufungua mafundo vikasimama. Rama akawaza haraka. Maneno hayana gharama. Apokee leo, kesho watu wakienda sokoni apande na spana yake.

"Nimeitoa lillahi," akasema, mkono kifuani. "Kwa ajili ya watoto wetu."

"Takbiir!"

"Allahu akbar!"

Maalim Mwinyijuma akainua mikono. "Tumeipokea, na kuanzia leo ni wakfu wa madrasa hii." Akaomba dua ndefu, nzuri, na Rama, ambaye naye alilelewa chuo cha Kurani, akaitikia amin kabla akili haijamfikia.

Ilipomfikia, akainua macho kuitazama paneli yake juu ya paa. Kitu cha wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, wala hakirudi kwa aliyekitoa. Rama aliwahi kuuza mbuzi wa mgonjwa, mgonjwa mwenyewe akimtazama, lakini kuiba wakfu? Hapana. Kuna mambo hata mwizi anayaogopa.

"Basi... vianzio," akasema.

"Vianzio vya nini tena, baba?" Bi Tuhfa akacheka. "Mtu mkarimu hivi atashindwa kutufungia kwanza, tukalipa baadaye?"

"Kweli kabisa!" watu wakaitikia. Mafundo yakakazwa upya.

Bi Tuhfa akamsogelea, akashusha sauti. "Marehemu mume wangu alikuwa na betri ya sola. Tuliiingiza ndani watu wawili, tukapumzika mlangoni. Zako, siku ile ya kwanza, dereva alibeba tatu begani huku anapiga mluzi. Niwaite waje wazipime, au una safari?"

"Nina safari, mama."

"Nilijua."

"Lakini ile ya juu ndiyo mtaji wangu wote." Machozi yalikuwa ya kweli, pengine kwa mara ya kwanza tangu atahiriwe.

"Ndiyo maana nikaitaka hiyo, mwanangu. Maganda tunayo mengi."

Kutoka uwanjani hakukuwa na njia ila katikati ya watu, na watu walipanga mstari kumshika mkono. Wazee, kina mama, watoto wa chuo. "Mungu akulipe, injinia." "Mungu akulipe." "Mungu akulipe, baba."

"Amin," Rama aliitikia mmoja mmoja, akijua fika kwamba hakuna mwingine atakayemlipa.