Shangazi Kizimbani, Mnyama Barazani

8 Sungura, siku ya soko

Siku njema ajabu! Mzee Tecolotl, mfanyabiashara wa kakao, ameokotwa mferejini asubuhi, amekufa. Hana jino hata moja, hana kucha. Mji mzima wa Texcoco ukapiga kelele: ahuizotl! Yule mnyama wa maji mwenye mkono wa tano mkiani, anayezamisha watu na kuchukua macho, meno na kucha. Makuhani wakaja na ngoma na filimbi. Aliyechukuliwa na mnyama huyo amechaguliwa na mungu wa mvua, kwa hiyo hakuna kulia, na hakuna wa kumgusa ila kuhani. Yaotl, mshirika wa Tecolotl katika biashara, alilia hata hivyo, kwa sauti ya watu wanne.

Mimi Zolin sikulia. Mimi niliangalia. Mzee Tecolotl hakuwa na jino tangu mimi mtoto! Kila siku alikuwa kwa shangazi yangu Necahual akinywa uji na pombe ya mkonge, maana ana wajukuu na sheria inamruhusu. Na kucha zimekatwa vizuri, duara, kama za bwana harusi. Mnyama gani huyo ana kisu?

Huu ni uuaji. Na baraza kuu, lile la kila baada ya siku themanini, linakaa tarehe 12 Nyasi, siku nne tu zijazo, na hapo hapo atateuliwa mchoraji mkuu wa vitabu vya mahakama. Mimi ni mchoraji wa tatu. Nachora magunia ya maharagwe. Atakayemfichua mwuaji, mkeka wa mkuu ni wake! Shangazi akaniambia ninyamaze, mdomo huponza kichwa. Wazee wana wivu sana.

Alasiri. Nimemweleza jaji kila kitu. Amenisifu! Kisha akauliza nani alikuwa wa mwisho kumwona marehemu akiwa hai. Nikajibu haraka, kifua mbele: shangazi yangu.

Wamemchukua shangazi.

9 Maji, siku ya kwanza baada ya soko

Mdomo umeponza kichwa, lakini si changu. Shangazi yumo kizimbani, mbao mbele, mbao nyuma. Mashahidi kumi na mmoja wameapa walimsikia akimwambia mzee kwamba akithubutu tena kuiita pombe yake maji ya kufulia, atamtosa mferejini. Ni kweli alisema. Huwaambia wateja wote. Baraza likimtia hatiani siku ya 12, ananyongwa siku hiyo hiyo.

Nimempelekea tamale, maandazi ya mahindi yaliyopikwa ndani ya majani. Nikalia mbele yake. Akasema, "Futa kamasi, mwanangu. Pilipili umeweka?" Sikuweka. Akanitukana mpaka mlinzi akaona haya. Namwogopea sana. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufa, na mimi ndiye niliyemtia humo.

Cuixtli, mchoraji wa pili, akanipongeza mbele ya watu. "Kesi ya kwanza tu, ndugu yangu, umeshamkamata shangazi. Ya pili utamkamata bibi?" Wachoraji wote wakacheka. Huyu ndiye anayechora tai unyoya kwa unyoya. Simpendi.

Mpango: mpiga ramli. Bibi huyo akarusha punje zake za mahindi, akazitazama, akasema ukweli anao aliyesingiziwa. Nikafurahi. Aliyesingiziwa ni mimi, kanisingizia Cuixtli! Lakini mimi sijui kitu. Shangazi naye kasingiziwa, naye hajui. Nikawaza njia nzima, hadi mlangoni kwangu nikasimama ghafla.

Mnyama! Mnyama kasingiziwa!

10 Mbwa, siku ya pili baada ya soko

Adhuhuri, ziwani. Nimechukua kikapu cha vyura, maana inajulikana anawapenda. Nikakaa ukingoni nikaita kwa adabu. Kimya. Nikaita bila adabu. Mkono ukanishika kifundo cha mguu.

Nilizimia. Kidogo tu. Nilipozinduka nilikuwa nchi kavu na ule mkono wa mkiani unanipiga vibao vya mashavu. Mnyama mwenyewe ni mdogo kama mbwa, mzee, manyoya yanachuruzika maji, na ana hasira. Eti yeye ang'oe meno ya kibogoyo? Eti yeye akate kucha halafu aache macho? Hajazamisha mtu tangu kabla ya moto mpya kuwashwa, ule wa kila miaka hamsini na miwili. Tumbo halimruhusu, anaishi kwa vyura.

"Yaotl ndiye aliyemsukuma," akasema. "Kutoka mtumbwini, kwa mikono miwili tu, kama mshamba." Aliwasikia wakigombana: mzee alikuwa amepasua punje za kakao za Yaotl akakuta udongo ndani ya maganda. Akamwambia atampeleka kwa wasimamizi wa soko. Hakufika.

Nikamwomba aje kutoa ushahidi. Akakataa, ana haya mbele ya watu. Nikamwahidi vyura wa shangazi waliopikwa kwa pilipili na nyanya. Akameza mate. Atakuja!

11 Nyani, siku ya tatu baada ya soko

Mtu mwingine angemleta mnyama barazani, akasema shahidi huyu hapa, basi. Mtu asiye na upeo. Mimi nitamleta ndani ya kapu lenye mfuniko. Nitahutubia kwanza. Watu watalia. Hapo ndipo nitakapofunua kapu, na jaji atanikalisha kwenye mkeka wa mkuu kwa mikono yake.

Nimemfanyia mnyama mazoezi ya kuinama. Alilala usingizi mara mbili. Hotuba ni ndefu lakini kila neno lina kazi.

Shangazi kaniuliza kama kuna tumaini. Nikamwambia ni siri. Sauti yake ilikuwa ndogo leo, hata pilipili hakuulizia. Nilitoka pale roho inaniuma. Nimeongeza aya juu ya wema wake.

12 Nyasi, siku ya nne. Baraza!

Nikaanza na ukoo wangu. Nilipofika kwa babu wa babu, jaji akapiga miayo. Nilipofika kwenye utoto wangu, akamwashiria mwenye kamba asogee. Shangazi akapaza sauti, "Zolin, baba, sema basi, nanyongwa mimi!" Nikamwambia bado aya sita.

Mnyama akachoka. Kapu likapasuka.

Majaji wote juu ya paa, mmoja bila ndara. Watu mferejini. Mimi nikaingia kwenye pipa la mahindi, si kwa hofu, niliteleza. Niliona kupitia tundu. Mnyama akatembea taratibu hadi katikati ya ua, akagusa ardhi kwa kidole cha mkono wa mkiani, akakilamba. Kiapo kamili! Jaji akasema kutoka juu ya paa kwamba kiapo kimekubalika. Mkia ukanyooka, kidole kikamwelekea Yaotl.

Yaotl akaanguka magoti. Akakiri yote: mzee, kucha, kakao ya udongo, hata mambo ambayo hakuna aliyemwuliza. Wakamfunga yeye ile kamba.

Shangazi akatoka kizimbani. Akamkumbatia mnyama kwanza, maji na yote. Kisha akanivuta kutoka kwenye pipa, akanizaba kofi, ndipo akanikumbatia hata mbavu zikalia. Nililia kwa furaha bila aibu yoyote. Yu hai!

Mkeka wa mkuu kapewa Cuixtli. Hakukimbia. Alikaa akachora kila kitu. Katika picha yake mimi ni nyayo mbili zinazotoka kwenye pipa. Lazima nikiri, zimefanana.

13 Tete, siku ya soko

Karamu kwa shangazi tangu asubuhi. Wazee wamelewa kihalali, majirani wanacheza, mnyama yumo kwenye mtungi mkubwa uani anakula chura wa saba na kila mtu anamwita babu. Jaji amekuja kumwomba radhi shangazi, akapewa pombe. Akasema ni nzito sana. Shangazi anacheka peke yake jikoni, kando ya beseni la kufulia.

Aliniambia nikae kitako nitafakari nilivyofanya. Nimetafakari. Nilisema ukweli mtupu tangu siku ya kwanza, hakuna aliyenisikiliza. Akaja mwenye mkia, hakusema hata neno, mahakama nzima ikamwamini. Somo limeingia.

Cuixtli anakalia mkeka wake rasmi kesho. Mkia wangu uko tayari, nimebakiza kushona kiganja tu. Shangazi anauliza ngozi yake ya paa imekwenda wapi. Nimemwambia ni siri.