Kusimama Kabla ya Kiamu

Jumatano, 27 Agosti

Mke wangu Sikudhani kalia leo. Nimemwona. Alisema ni vitunguu. Alikuwa anachambua mchele.

Nilipombana akasema Maulidi yanakaribia, na baba yake, Mzee Halidi wa Msimbu, atakula sikukuu Gwata kama kawaida, kwa Ashura, mdogo wake Sikudhani. Tangu nimuoe Sikudhani, mzee hajalala kwetu Dutumi hata siku moja. Akasema hataki ugomvi na mtu. Anataka tu baba yake anywe uji wa mkono wake kabla miguu haijamkatalia safari kabisa.

Iliniuma. Halafu nikakumbuka nyumba ya Gwata ni ya nani, ikaniuma zaidi. Mudathir! Mwanyumba wangu, mume wa Ashura. Anapiga dufu, ana sauti, ana kanzu isiyojikunja hata akiikalia. Kila maulidi ya Msimbu yeye yuko jamvi la mbele, goti kwa goti na mzee, wanakula sinia moja. Mimi hukaa karibu na viatu.

Mwaka huu basi! Jumamosi kuna maulidi kwa mzee, tunakwenda Msimbu familia nzima. Mudathir ana sauti, mimi nina akili. Na akili ni mali.

Alhamisi, 28 Agosti

Binti yetu Mwamini yumo kwenye kaswida ya madrasa, nao wamealikwa Msimbu. Leo mazoezi, wazazi tukakaribishwa. Wazo! Mzee anapenda kaswida. Nikiijua, nitaimba nao Jumamosi na mzee atageuka kutazama ni nani.

Nikaimba. Baada ya muda watoto wa nyuma wakaanza kunifuata mimi, wakamwacha ustadhi. Kipaji hicho!

Ustadhi Hashiru akaja taratibu, akanishika bega. Akasema sauti yangu ina baraka nyingi, ila watoto bado wadogo, hawaiwezi. Akaniomba nikasimame nje nizuie mbuzi wasiingie. Nilisimama mpaka mwisho. Sikuona mbuzi.

Njiani Mwamini aliniomba, kwa heshima zote, Jumamosi nisiimbe. Nimekubali. Wivu wa watoto nao una nguvu.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimepata! Nilikuwa natawadha, karibu nipige kelele.

Kiamu! Ile sehemu ya maulidi ambapo watu wote husimama kumswalia Mtume. Wote wakisimama, majamvi yanabaki matupu. Mtu mwepesi anasogea hatua mbili tatu mbele, na wakikaa tena, yeye yuko ubavuni kwa mkwewe. Nani atamwondoa? Ni adabu ya shughuli: ulipokaa ndipo pako.

Ila lazima niwahi kusimama kabla ya wengine. Dalili naijua. Kiamu kikikaribia, huletwa chetezo cha udi na marashi ya kunyunyizia watu. Nikiona moshi tu, juu!

Haraka haraka haina baraka, walisema wazee. Hawakuwa na mwanyumba kama wangu.

Jumamosi, 30 Agosti

Msimbu. Maulidi yalianza baada ya Adhuhuri, uwanjani kwa mzee. Watu wengi, harufu ya pilau hewani. Mwamini na wenzake waliimba vizuri mno, machozi yakanitoka, nasema kweli. Sikuimba.

Kisha msomaji akaendelea. Macho yangu mlangoni. Moshi! Nikasimama. Wima, mikono kifuani, kwa yakini.

Sasa, mimi ni mtu mzima na nilikuwa na kanzu mpya. Jirani yangu akadhani amesinzia, akasimama. Safu yetu ikasimama. Safu ya mbele ikasikia vishindo, ikasimama. Upande wa kina mama ukasimama wote. Mzee Halidi akainuliwa na watu wawili, huku na huku, magoti yakilia. Dufu likapigwa mara moja, likanyamaza.

Msomaji akainua uso kitabuni. Alikuwa bado mbali na kiamu. Ule moshi alikuwa shemeji yangu Wema, amebeba makaa ya buli la kahawa.

Watu wakatazamana. Wakakaa. Mzee akashushwa. Baadaye kidogo kiamu chenyewe kikafika, mzee akainuliwa tena.

Lakini! Watu walipokuwa wanatazamana, mimi nilisogea. Nilikaa ubavuni kwa mzee, goti kwa goti! Akaniuliza kwa sauti, watu wakisikia, kama mimi ndiye niliyewasimamisha. Kabla sijajibu Mudathir akadakia kwamba ni jua kali, mtu yeyote angechanganyikiwa. Ona ujanja wake! Ananitetea ili aonekane mwema.

Jumapili, 31 Agosti

Tumelala Msimbu. Sikudhani hasemi na mimi. Asubuhi alimwambia kuku, mimi nikiwa hapo, kwamba baba yake sasa hatakanyaga Dutumi maisha yake yote. Sauti ilimkatika. Nikaona aibu kwelikweli.

Mzee akatuita barazani sote. Shikamoo zikapita. Akasema ameamua kuhusu sikukuu. Mudathir akanyoosha kanzu.

Mzee akasema Gwata hakuna neno, nyumba ile inajiendesha yenyewe. Bali jana, alipokuwa anainuliwa mara ya pili, ndipo alipoelewa mwanawe Sikudhani anaishi na nini. Mtoto yuko kwenye mtihani miaka yote hii, na yeye baba hajawahi kwenda kumpa pole. Sikukuu hii atalala Dutumi.

Sikudhani akamwangukia magotini, akalia na kucheka pamoja. Ashura akacheka. Mudathir akanipa mkono wa pongezi, mnafiki.

Dutumi! Nimemshinda!

Jumatatu, 1 Septemba

Nyumbani. Sikudhani anafua mashuka ya mgeni na anaimba. Amenipakulia mimi kwanza. Mbinu ya kusimama mapema inafanya kazi, sikuwahi kuona mfano wake.

Mzee amepiga simu jioni. Ameuliza maulidi yetu ya Alhamisi yana kiamu kimoja au viwili, ili ajue kama aje na fimbo.

Nimeguswa. Kumbe kilimpendeza hivyo! Nimemwambia asiwe na wasiwasi, kwa heshima yake nitajitahidi viwe vitatu.