Kisanduku Chenye Sura Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa kituo chetu cha utafiti wa anga ametangaza kwamba Jumamosi, siku ya wazi, atateua msemaji. Kazi: kuwaeleza wananchi mambo ya tabianchi, na kipindi cha redio kila wiki. Redio! Tumebaki wawili, mimi na Bi Mawingu. Huyu mama hana haya. Akitaka kueleza kwa nini usiku wa siku hizi una joto, anajifunika blanketi mbele ya watoto wa shule, kisha la pili, la tatu, mpaka jasho linamtoka. Watoto wanacheka, wanaelewa. Huo nao ni usomi? Mimi nina grafu thelathini na nane. Mke wangu anasema mtoto wetu hulala nikifika ya nne.

Lazima niupate usemaji huu. Jana mama mkwe, anayekaa kwetu, aliniuliza kazi yangu hasa ni ipi. Nikamjibu. Akauliza tena.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata! Kila asubuhi tunarusha puto lenye kisanduku cha kupima joto, unyevu na upepo. Juu kabisa puto hupasuka, kisanduku kikashuka na mwavuli wake popote Mungu apendapo. Ubavuni kuna karatasi: kifaa cha utafiti, si hatari, ukiokota rudisha kituoni. Tangazo la bure, linapita juu ya vichwa vya watu wote, na hakuna aliyefikiria kuweka sura yake!

Nimechapa picha yangu, ile niliyovaa tai. Maneno hayakuenea, nikayapunguza. Yamebaki: "Ukiokota, tafadhali rudisha. Zawadi itatolewa." Chini, namba ya simu ya nyumbani. Akili ni mali.

Jumatano, 6 Machi
Nimebandika kabla Bi Mawingu hajafika. Puto likapaa. Nikajiona napanda, nikawa nukta, nikatoweka. Machozi yalinilenga. Mkuu akaniuliza kama nina mafua.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa dogo. Simu imepokelewa na mama mkwe. Mkulima mmoja ameokota picha yangu shambani, akataka kujua kama yule bwana ameshapatikana. Mama mkwe akauliza amepotea lini. Mkulima akasema karatasi haisemi. Mama mkwe akasema hata yeye hana hakika, ila asubuhi alikunywa chai akatoka bila kuaga.

Kufikia jioni sura yangu imeenea kwenye simu za mji mzima. Juu yake, AMEPOTEA. Msamaria mwema ameongeza kwamba akili zangu haziko sawa na nisishtuliwe. Mke wangu amecheka mpaka akakaa chini, kisha akanisihi nikamweleze Mkuu mapema. Nimemwambia hakuna msemaji asiyejulikana. Mimi sasa najulikana!

Ijumaa, 8 Machi
Nimeingia dukani kununua mkate. Muuza duka amenipa kiti na maji, akaniomba kwa upole nisubiri kidogo, huku akifunga mlango. Nimetokea dirisha la nyuma. Mkate nimeuacha.

Jumamosi, 9 Machi
Uwanja umejaa. Nilianza vizuri. Nilipofika grafu ya tatu wakaingia muuza duka na mkulima mwenye kisanduku, na kundi zima nyuma yao. Wakanishika mikono. Nikapaza sauti kwamba mimi ni mtaalamu wa anga. Muuza duka akawaambia wenzake waniitikie tu, watu kama mimi tukibishiwa tunazidi.

Mkuu akachukua kisanduku, akaisoma karatasi, akaniangalia. Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo mama mkwe, ambaye hajawahi kukanyaga kituoni, akapenya katikati ya watu.

"Mwacheni," akasema. "Kazi yake siielewi, lakini ni wetu."

Nilikaribia kulia. Kisha mkulima akadai zawadi yake, na mama mkwe akaniamuru nivue viatu vyangu vipya.

Bi Mawingu hakulaza damu. Alishika kipaza sauti akauliza nani anataka kujua huyu bwana alikuwa wapi. Wote walitaka! Akainua kisanduku, akasimulia kilivyopita mawingu, kikafika kwenye baridi kali kuliko ya barafu. Hewa ikazidi kuwa nyepesi, puto likavimba, likapasuka. Akasema vipimo kama hivi, vikikusanywa miaka na miaka, ndivyo vinavyotuonyesha kwamba blanketi la dunia, hewa inayozuia joto lisitoke, linazidi kuwa zito. Mkulima akauliza kuhusu mahindi yake, akajibiwa. Mama mkwe akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe ndiyo kazi yenyewe."

Mwaka wa kumi namweleza mimi! Mkuu hakungoja jioni. Msemaji ni Bi Mawingu. Nimerudi nyumbani pekupeku.

Jumapili, 10 Machi
Nimetafakari kwa unyenyekevu. Adhabu niliyopewa na Mkuu ni kubandika karatasi mpya, zenye maneno yote, kwenye visanduku vya ghala. Visanduku vyote! Na ufunguo wa chumba cha kuchapia ninao mimi.

Nimejiuliza kwa dhati nilikosea wapi. Ni ile picha. Yule bwana wa tai ana huzuni usoni. Hata mimi ningemwona ningedhani amepotea. Kesho asubuhi naenda kupiga nyingine. Safari hii nitatabasamu.