Naomba Mnirudishie Mtoto Mwenye Aibu

Kwa Mwalimu Mkuu,

Mheshimiwa,

YAH: RIWAYA YA PUNDA NA HASARA ILIYONILETEA

Ninakuandikia kwa heshima zote, nikiwa mzazi wa darasa la tano, mpiga picha wa studio iliyo mkabala na geti lenu, na mtu ambaye hajawahi kuilaumu shule hii hata siku ile mpira wa wanafunzi ulipopita dirishani kwangu na kuvunja taa. Leo uvumilivu umenishinda.

Mwalimu wa darasa la tano, yule kijana mpole ambaye watoto wanamwita Mwalimu Tabasamu, amewasomesha riwaya ya punda aliyezaliwa na sikio moja. Sina ugomvi na kitabu chenyewe. Hata sisi tulikisoma. Tunajua punda alivyozunguka nchi nzima akitafuta sikio la pili, akajaribishwa la sungura likawa dogo, akabandikwa la tembo likamwangusha, na mwishowe akarudi kwa bwana wake vilevile alivyoondoka, akasema, "Nilivyo natosha." Lakini sisi tulikisoma inavyotakiwa. Tuliulizwa punda alikuwa na masikio mangapi, tukajibu moja, tukapewa alama zetu, tukaendelea na maisha. Hakuna hata mmoja wetu aliyedhani kwamba maneno yale yanamhusu.

Mwalimu huyu hakuuliza idadi ya masikio. Ametundika kioo mlangoni mwa darasa, na kila mtoto anayeingia lazima ajitazame, ataje kitu anachokipenda usoni mwake, kisha aseme, "Nilivyo natosha." Kila asubuhi ya Mungu! Madhara yake ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu kazi yangu. Mimi sipigi picha tu. Picha kila mwenye simu anapiga. Mimi ninasafisha. Nikishapiga naketi kwenye kompyuta, natoa chunusi, naziba mapengo, nang'arisha ngozi, naotesha nywele panapohusika, na hapo ndipo riziki yangu ilipo. Binti yangu akitoka shule hukaa mapokezi akiwapa wateja kitana na poda. Zamani alifanya kazi hiyo akitazama viatu vyake, kimya, na wateja wakamsifu kwa adabu. Sasa anawatazama usoni. Juzi alikuja bwana mmoja, mhasibu, akitaka picha ya kumpelekea mchumba, na tulishaelewana kabisa kwamba upara nitauziba. Mtoto akampa kitana, akamwangalia vizuri, akamwambia, "Mjomba, kichwa chako kina umbo zuri, usikifunike." Yule bwana akajigeuza mbele ya kioo, kushoto, kulia, akarudisha kitana. Akachukua picha isiyoguswa. Na mchumba, nasikia, amekubali, jambo ambalo limenimaliza kabisa, maana sasa anawasimulia wenzake ofisini.

2. Kuhusu majirani. Kushoto kwangu kuna saluni, kulia kuna duka la vipodozi, na nyuma yetu kuna fundi anayeshona makoti yenye mabega ya kuongezewa. Mheshimiwa, mtaa wetu mzima unakula kwa sababu watu hawajipendi. Mtu akijipenda hanunui kitu, anaoga tu na kuondoka. Mwenye duka la vipodozi ameshaniuliza, kwa upole lakini macho yamemtoka, darasa lile lina watoto wangapi. Hebu fikiria wakishakua. Mfanyakazi anayejiona anatosha, bosi atamfokea vipi akaitikia? Nani atakopa gari asiloliweza ili mashemeji wamwone? Wagombea watamwahidi nini mtu asiyejiona mnyonge? Nchi itasimama kabisa, na watakapochunguza chanzo watamkuta punda.

3. Kuhusu nyumba yangu. Dada yangu mkubwa, shangazi yake mtoto, hututembelea kila Jumapili kutueleza kasoro zetu. Ana kipaji. Huanza na mapazia, akaja kwa mke wangu, akamalizia kwangu, na tukishaelezwa kila mtu anajua amesimama wapi. Jumapili iliyopita alipomgeukia mtoto na kufungua tu mdomo, mtoto alimshika mkono, akamwambia, "Shangazi, na wewe unatosha." Dada yangu, mwanamke niliyemwona kwa macho yangu akimfokea polisi mpaka polisi akaomba radhi, alilia kwenye kochi langu hadi chai ikapoa. Wakati wa kuondoka aliyasifu mapazia. Tangu siku hiyo nyumba imekosa mwelekeo.

4. Hili la nne nilitaka kuliruka, lakini mke wangu amesema nisipoliandika ataliandika yeye.

Binti yangu ana baka usoni. Alizaliwa nalo, jeusi, linaanzia chini ya jicho na kushuka hadi karibu na taya. Mnalijua, mnamwona kila siku. Tangu akiwa mchanga, kila picha yake niliyopiga nimelitoa. Nina mkono mwepesi. Hata daktari hawezi kuonyesha lilipokuwa. Picha yake kubwa imekaa kwenye dirisha la studio, na wapita njia husimama kuisifu. Nilifanya hivyo kwa mapenzi. Nilimwona mtu mzima, mwenye akili zake, akimnyooshea kidole mtoto akiwa bado anabebwa mgongoni, nikaapa kwamba mikononi mwangu hakuna atakayemcheka mwanangu.

Miaka yote hiyo hakuuliza kitu. Wiki hii, kwa sababu yenu, alisimama mbele ya dirisha na mkoba wake begani, akaniuliza yule dada ni nani. Nikamwambia ni wewe. Akasema hapana, mimi nina baka. Nikamweleza kwamba ni yeye baada ya huduma. Akafikiri kidogo. Wala hakulia, na hilo pekee linatosha kuonyesha ubaya wa kitabu kile. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama yule ndiye mtoto niliyemtaka.

Mheshimiwa, mtoto wa kabla ya punda asingethubutu kumuuliza baba yake swali la namna hiyo. Nilikuwa na mteja kwenye kiti, nikamwambia mteja ainue kidevu. Tangu siku hiyo moyo unaniuma kweli, sikufichi. Sioni kwa nini ada yangu inunue maumivu ya aina hii.

5. Kuhusu picha ya darasa, ambayo mmenipa mimi kazi ya kuipiga. Binti yangu ameshatangaza kwamba atasimama mstari wa mbele na kugeuza shavu lenye baka, na kwamba nikiligusa hataichukua. Wenzake wameungana naye. Mwenye makengeza amekataa kurekebishwa, mwenye mapengo amesema atacheka kwa makusudi, na yule mwenye masikio makubwa anasema yake ni utajiri, kwa kuwa punda alikuwa na moja tu. Sijawahi kugomewa na watu wafupi kiasi hiki.

Kwa hiyo ninaomba riwaya irudishwe kabatini, au basi isomwe mpaka pale punda anapobandikwa sikio la tembo, hadithi ifungwe hapo, watoto wakiwa bado na matumaini ya kuboreshwa. Kioo kishushwe. Mwalimu Tabasamu ahamishiwe somo la hesabu, ambako hakuna mtoto aliyewahi kujiona anatosha. Na mwanangu nirudishiwe na aibu yake kamili, kama nilivyomkabidhi mwanzoni mwa mwaka. Mkishindwa, nitalifikisha suala hili kwenye kamati ya wazazi, ambako mwenye duka la vipodozi ndiye mwenyekiti.

Nisalimie walimu wote, mpishi, mlinzi wa geti na watoto wake, na hata huyo Mwalimu Tabasamu mwenyewe, kwa kuwa chuki binafsi sina.

Ni mimi, mwenye hasara,

Mzazi na Mpiga Picha

Tanbihi: Picha ya mtoto mliyo nayo kwenye faili la shule naomba muitupe. Ni ya mtoto ambaye sijawahi kuwa naye. Nimeambatisha nyingine niliyompiga leo mchana, na sijagusa kitu. Naomba pia Mwalimu Tabasamu anifikishie ujumbe mmoja, kwa sababu mimi kila nikianza kuusema nyumbani sauti inakatika. Amwambie mwanangu kwamba baba amejibu, niliyemtaka ni huyu.