Pampu Iliyogoma kwa Kukosa Picha za Maua

Kamati ya Maji ya Kitongoji,
Zinga, Bagamoyo.
3 Februari

Ndugu Abdulnasir, Mtengenezaji wa Programu ya Pampu,

Yah: Kukosa maji siku nne kwa sababu ya folda ya mapambo

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, kwa kiasi cha watu waliokaa siku nne bila maji. Mimi ni Mwinjuma, katibu wa kamati na mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Ninakuandikia kwa heshima zote, kwa kuwa matusi wenzangu wameshayamaliza.

1. Jumatatu asubuhi Abdulwahab, mwendesha pampu wetu, aliona kompyuta ya pampu imekuwa nzito, akafuta folda iitwayo Mapambo. Ndani yake mlikuwa na picha za waridi na kadi za Idi. Alipoiwasha tena, programu yako ikaandika: "Folda ya Mapambo haipo. Programu inafungwa." Ikajifunga kweli. Pampu ni nzima, umeme upo, kisima kimejaa, na maji hayatoki. Kitabu chako cha maelekezo, ukurasa wa tisa, kinasema: "Folda hii ni ya hiari." Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja, na neno hilo ninalijua. Naomba unieleze wewe unalijua vipi.

2. Tulikupigia simu. Ulisema, "Mzee, programu inajilinda. Ikikosa kitu haiwezi kukisia." Bi Ashatu, mwenyekiti wetu, akakuuliza, "Inajilinda na nini, mwanangu? Na maua?" Simu ikakatika. Nadhani ni mtandao.

3. Siku ya pili, Ummy, binti wa Bi Ashatu, alirudi kutoka kujifungua. Nyumbani hapakuwa na maji hata ya kumwogesha mtoto. Wanawake wakabeba madumu kutoka kisima cha chumvi kule bondeni. Mtoto akaogeshwa maji hayo, akalia kilio ambacho Abdulwahab, aliyekuwa akipita, alikisikia akageuza njia. Tangu siku hiyo haji barazani. Watu wamekwisha kumpa jina: Mapambo. Ni mtu wa miaka hamsini na mbili, na hajawahi kuharibu hata bomba moja.

4. Kuna na upande wa dini. Mtoto yeyote wa madrasa anajua faradhi na sunna. Ukiacha faradhi, huna swala. Ukiacha sunna, umekosa thawabu, lakini swala inaendelea. Programu yako imefanya waridi kuwa faradhi na maji kuwa sunna. Tulimpelekea suala hili Maalim Mikdad, mwalimu wa madrasa yetu. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akasema, "Mwambieni aje Jumamosi. Nafasi ipo, atakaa na darasa la kwanza."

5. Siku ya nne Zaina, fundi cherehani mwenye kibanda jirani na pampu, aliomba akae kidogo kwenye kompyuta. Akatengeneza folda mpya, akaiita Mapambo, asiweke kitu ndani. Programu ikafunguka, ikatukaribisha, maji yakatoka. Kumbe haikuwa na haja ya maua, ilitaka jina tu! Hili ndilo lililotuuma kuliko yote. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

6. Kwa hiyo tunaomba. Kitu cha hiari kikikosekana, programu iandike pembeni kwamba hakipo, kisha iendelee na kazi. Ikiona aibu, ikitengeneze yenyewe kama alivyofanya Zaina, ambaye hana cheti cha kompyuta. Isimame pale tu kinapokosekana kitu ambacho bila hicho maji hayawezi kutoka, na itutajie ni kipi.

7. Ikiwa hayo hayawezekani, kamati imeazimia sheria yako ikuhusu na wewe. Nakala ya barua hii tumempelekea mkeo. Ukirudi kutoka kazini ukakuta meza haina ua, usipewe chakula. Mfuko wa shati ukikosa kalamu, usitoke nyumbani. Na siku utakayofariki, Mungu akupe umri mrefu, kaburi halitachimbwa mpaka ipatikane picha yako ukitabasamu.

Wasalimie mkeo, watoto, wazazi, na yeyote kazini kwenu aliyesema programu haina kosa. Mtoto wa Ummy hajambo. Ameitwa Lulu, na sasa anaogeshwa maji ya bomba, yasiyo na chumvi.

Nabaki mimi, kwa niaba ya ndoo zote za Zinga,

Mwinjuma,
Katibu.

N.B. Utashangaa barua ni ya tarehe tatu nawe umeipata mwisho wa mwezi. Fomu ya malalamiko uliyotuachia, ambayo barua hii imeambatana nayo, ina mstari usemao: "Namba ya faksi (si lazima)." Kamati haikuweza kutuma fomu yenye pengo. Tulikaa vikao viwili, kisha Mrisho, kijana wetu wa kutumwa, akapelekwa mpaka Msata, ambako tulisikia kuna mtu ana faksi. Namba ameileta, ingawa mashine yenyewe ilikufa zamani. Bi Ashatu alishauri tangu mwanzo kwamba mstari uachwe wazi. Aliyekataa ni mimi.