Vifaranga Kumi na Mmoja na Kichwa Kinachoitikia

Jumamosi, 3 Mei

Vifaranga kumi na mmoja! Yai moja tu limeoza. Bibi ameketi kwenye kigoda mlangoni pa banda, anawahesabu kwa vidole, maana siku hizi macho yake yanaona ukungu mtupu. Kila kifaranga anamshika, anamnusa, anamrudisha chini ya mama yake.

Kisha akasema lile jambo. Kwamba kuku huyu amezeeka, hatatamia tena. Kwamba mbegu yake alipewa na marehemu dada yake, na anataka mabinti wabaki hapa nyumbani, ukoo usikatike. Majogoo wote apewe Mama Cherehani, fundi wa nguo wa nyumba ya pili, aliyetushonea mapazia akakataa shukrani. Akanigeukia. Akauliza, wewe msomi wetu, unayesoma vitabu vya lugha mbili, si unajua kutofautisha kifaranga jike na dume?

Nikaitikia kwa kichwa.

Huu ndio ugonjwa wangu. Mtu akiniuliza kitu ana kwa ana, koo linafunga na kichwa kinakubali chenyewe. Mwaka jana nilikubali hivyo hivyo kuimba kwaya, sauti ya pili. Sina hata ya kwanza.

Bibi haoni vizuri. Ningeweza kukana baadaye. Lakini Kaka alikuwa amesimama pale na mswaki mdomoni, akapiga kelele: Ameitikia, Bibi! Anajua!

Sikula chakula cha mchana.

Jumatatu, 5 Mei

Maktaba ya shule. Kitabu cha kuku ni kimoja tu, cha Kiingereza, kinanuka panya. Lakini kina ukurasa wa mabawa! Kifaranga akiwa na siku mbili tatu, unamfungua bawa na kutazama manyoya ya ukingoni. Jinsia moja, manyoya yana urefu sawa. Nyingine, marefu na mafupi yanapishana. Mtunza maktaba akaanza kuzima taa. Nikanakili mbio mbio kiganjani kwa kalamu.

Viganja vyangu hutoka jasho nikipita mbele ya watu. Nilipita mbele ya watu wengi. Nilipofika nyumbani palibaki "sawa =" na doa la buluu.

Nikafikiri. Nani hupenda mambo yake yalingane? Wanawake. Kaka hana soksi mbili zinazofanana duniani. Kwa hiyo sawa ni jike. Sayansi.

Nikakagua mabawa kumi na moja. Watano sawa, sita wa kupishana. Wale watano nikawapaka ukucha mmoja mmoja rangi nyekundu ya Mama (Mama yuko safari ya kazi, anarudi mwezi wa nane, atasamehe).

Kaka akaja na sindano iliyoning'inia kwenye uzi. Eti ikizunguka juu ya kifaranga ni jike, ikienda mbele na nyuma ni dume. Hao watano wangu, sindano ikasema madume, wote. Kaka akaniambia nimewapindua kama chapati. Nilitazama miguu yake. Soksi moja ya mistari, moja ya kijani.

Jumamosi, 14 Juni

Leo nimepeleka majogoo. Mama yao amewaacha, anawadonoa wakimkaribia. Bibi alikuwa kliniki ya macho pamoja na Baba, kwa hiyo nilifanya peke yangu. Kila wiki nimekuwa nikipaka upya zile kucha. Chupa imefika nusu.

Mama Cherehani alifurahi hadi akaacha cherehani ikijizungusha. Akaniita mwanangu mara nne. Akasema yeye kuku anawajua wakishaingia kwenye sufuria tu, kabla ya hapo wote kwake ni ndege.

Jambo dogo. Hawa watano wetu upanga wa kichwani umeanza kuota, mwekundu. Wale sita niliowapeleka, wengi wao vichwa bado laini. Nimejiambia wetu wanakula vizuri zaidi.

Wote wamekula bakuli moja tangu wazaliwe.

Jumatatu, 7 Julai

Alfajiri, sauti kutoka bandani. Kama mlango unaofunguliwa na mtu mwenye mafua. Nikaruka kitandani. Ikaja tena. Mmoja wa "mitetea" yetu anajifunza kuwika!

Baba akatoka na kanga ya Mama kiunoni, akauliza nini hicho. Kichwa changu hakikufaa kwa swali la namna hiyo, ikabidi niseme. Nikasema bawaba. Bawaba ya mlango wa choo.

Baba ni mtu wa vitendo. Kabla ya chai alikuwa ameshapaka mafuta bawaba ya choo, ya jikoni na ya geti.

Jumanne, 8 Julai

Bawaba imelia tena, mara sita. Baba amepaka mafuta madirisha. Amepaka kabati. Amepaka cherehani ya kale ya Bibi ambayo haina hata mguu. Kaka anapita nyuma yangu akinong'ona: Kiingereza chako kimetaga?

Bibi ameketi mlangoni akichambua mchele kwa vidole. Aliniuliza mabinti zake hawajambo. Nikaitikia. Akasema, nimesikia. Sikuelewa alisikia nini. Kichwa hakitoi sauti.

Jumatano, 9 Julai

Mpango mpya! Panga za vichwani zimekuwa nyekundu kama kucha zao. Nimekwangua masizi chini ya sufuria, nikachanganya na mafuta ya kula, nikawapaka vichwa vyote vitano. Wamekuwa kama wachoma mkaa. Kimya. Wanyenyekevu. Unaweza kuamini ni mitetea yenye huzuni.

Bibi alimwita mmoja kwa punje, akampapasa mgongo, kisha akajipangusa mkono kwenye gauni. Gauni lake jeupe la kliniki. Akasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikadhani anamsema Baba na kikohozi chake.

Nimelifua gauni mara tatu. Halijatakata.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekwisha.

Mama Cherehani alikuja jioni kumsalimu Bibi. Akasema Jumamosi binti yake anawaleta wakwe kwa mara ya kwanza, watu wanane, na yeye hataki kuaibika. Atachinja wale majogoo wote sita. Akamshukuru Bibi, akanishukuru mimi, akanishika shavu. Akasema bila msomi angewaandalia wakwe maharage.

Nikaitikia! Nimeitikia kifo chao!

Mchana nilikuwa nimerudi maktaba. Ule ukurasa. Manyoya yenye urefu sawa: dume. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo mwezi wa tano sikufika, kwamba njia hii hufaa kwa aina fulani tu za kuku wa kisasa. Kuku wa Bibi si wa kisasa. Kuku wa Bibi ni wa marehemu dada yake. Mtu angefumba macho akachagua watano, angepata hata mitetea wawili. Mimi nimetumia elimu, sikupata hata mmoja.

Kwa hiyo mabinti wote wako kule. Keshokutwa ukoo unakwisha, kwa mkono wangu. Ninachotakiwa kufanya ni kumwambia Bibi sentensi moja. Nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo. Mbele ya kioo pia niliona haya.

Ijumaa, 11 Julai

Sikwenda kumwambia. Nilifanya mpango.

Mama Cherehani hutoka saa nane kununua nyuzi. Nilitia jogoo mmoja kwenye mkoba wa shule, nikapenya kwenye upenyo wa ua, nia yangu nimwache kule nichukue mtetea, nirudi, hivyo hivyo mara nne. (Kule wako mitetea wanne na majogoo wawili. Niliwachungulia kwa wiki nzima, sasa naweza kuwatofautisha. Sasa!)

Nilikuwa nimeshamshika mtetea wa kwanza mkono wa kulia. Jogoo akatoa kichwa chenye masizi kwenye mkoba. Akavuta pumzi. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake akawika vizuri, bila mkwaruzo, wimbo mzima.

Mama Cherehani alikuwa hajatoka. Alisimama nyuma yangu na futi ya kupimia shingoni. Alinitazama, akamtazama mtetea mkononi, akaona mkoba. Hakugomba. Ingekuwa heri angegomba. Akauliza polepole: Mwanangu, unachukua kuku wa wakwe zangu? Bibi yako ndiye amekutuma?

Nikaitikia.

Akasema, basi. Akanishika mkono hadi kwetu. Akamsalimia Bibi shikamoo, akasema mama, kama ulijuta kunipa, ungeniambia tu, mimi ni kama mwanao, ya nini kumtuma mtoto aje kuiba.

Bibi alinigeuzia uso, akatazama mahali ambapo aliuona ukungu wangu. Mimi niliangalia vidole vya miguu.

Kisha akasema: Ndiyo. Nilimtuma mimi. Uzee huu, mwanangu, unanifanya bahili. Nisamehe.

Bibi! Ambaye hajawahi kudai hata kibakuli kilichoazimwa! Mama Cherehani akainamisha kichwa akaenda. Nami nikaingia chumbani, nikakaa chini ya kitanda pamoja na mabegi. Mimi ni mdogo kuliko kifaranga aliyeoza ndani ya yai.

Jumamosi, 12 Julai

Sikulala. Kulipopambazuka nikaandika barua. Kurasa mbili, kila kitu: jasho, soksi, bawaba, masizi, na kwamba Bibi hakunituma bali alinibeba. Nikaipenyeza ndani ya kopo la vifungo la Mama Cherehani, dirishani, nikakimbia. Niliwaza ataisoma peke yake, kimya kimya.

Akaisoma uani kwetu. Kwa sauti. Mbele ya Baba, Kaka, Bibi, binti yake Mama Cherehani, na wakwe wawili waliowahi kufika. Aliposoma hesabu zangu za soksi, mkwe wa kiume akaketi chini akishika mbavu. Alipofika kwenye bawaba, Baba alitazama chupa yake ya mafuta kama mtu aliyefiwa.

Mama Cherehani akamgeukia Bibi, machozi yanamtoka, sijui ya kicheko au ya nini. Akasema mama, ningewachinja mabinti zako. Akaagiza mitetea wote wanne warudishwe na majogoo wetu wanne waende. Mtetea wa kwanza aliwekwa mapajani mwa Bibi. Bibi akampapasa kichwa, akamnusa.

Nikasogea. Nikasema, Bibi, nilikuwa najua tangu Jumatatu kwamba ni majogoo. Kwa sauti! Sauti yangu ilikuwa kama ya bawaba.

Bibi akasema hata yeye alijua. Macho yangu mabovu, akasema, masikio je? Jogoo amewika bandani kwangu mimi nisimjue? Alikuwa ananingoja niseme. Na tangu alfajiri alikuwa ameketi mlangoni na fimbo, tayari kwenda mwenyewe kwa Mama Cherehani kabla mtu hajashika kisu.

Baba akauliza, mbona basi wewe mama uliniacha nipake mafuta nyumba nzima? Bibi akajibu kwamba milango hiyo imekuwa ikipiga kelele miaka tisa.

Nimeomba radhi kwa watu wote, mmoja mmoja, kwa mdomo. Sitaitikia tena kwa kichwa maisha yangu yote. Ninaweka sahihi hapa.

Jumapili, 13 Julai

Yule mkwe wa kiume alirudi kuaga, amebeba boksi lenye matundu. Sungura wawili, zawadi aliyopewa njiani. Akasema amesikia mimi ndiye bingwa, na watu wakacheka, nami masikio yakawaka moto. Akasema la, kweli, mtu hujifunza kwa makosa, kwa hiyo tangu jana huyu anajua. Hana banda la pili, anataka kuwaweka pamoja. Akawainua mmoja mmoja. Wote wana manyoya. Akauliza, majike wote wawili, si ndiyo?

Watu saba wananitazama. Koo likafunga.

Bibi, mlangoni, akakohoa mara moja. Kichwa kilikuwa kimeshaitikia.

Wameshaondoka. Sungura wamebaki kwetu hadi atakapowajia, wako boksi moja, wanatafuna karoti moja. Maktaba inafunguliwa kesho saa mbili. Rangi ya kucha imebaki nusu chupa.